Mbona mama aliambiwa angoje na kijana wa boda akaingizwa thieta usiku huo huo? Oparesheni za mifupa wakati wa janga

Kila kukisikika ugonjwa mpya hapa Nairobi, hata ile mpox ilithibitishwa Kenya mwisho wa Julai 2024, kuna stori moja huwa inarudi kwa matatu na kwa magrupu ya WhatsApp ya familia. Ati mwaka wa korona mama ya mtu alikuwa amepewa tarehe ya kubadilishiwa nyonga, harambee imefanywa, NHIF imekubali, alafu wiki moja kabla ya siku anapigiwa simu anaambiwa akae nyumbani hadi atakapoitwa, na wiki hiyo hiyo kijana wa boda anagongwa Jogoo Road, analetwa usiku mfupa wa paja umetoboa ngozi, na kabla kupambazuke ashaingia thieta. Mwingine anaongeza yake, kwamba mjomba alivunjika mkono akafungwa plasta tu na kuambiwa aende, na jirani mwenye kuvunjika paja akawekewa chuma. Mwishowe watu wanakubaliana kwamba ilikuwa hongo, ama kujuana, ama madaktari waliogopa.

Mimi nafanya kazi plasta rumu, kule mnaletwa kufungwa mkono ama mguu ukivunjika, na nilikuwa kazini hiyo 2020 yote. Hii stori inaniuma juu kuna watu waliamini wamefukuzwa na hawakurudi tena, wakapona vibaya ama hawakupona kabisa. Hongo iko kwa nchi hii, siwezi kukataa, lakini mambo mengi watu waliyaona kama ubaguzi yalikuwa na sababu ambayo hakuna mtu aliketi chini akawaelezea. Janga lingine likija, na litakuja siku moja, maamuzi kama hayo yatafanywa tena, kwa hivyo ni vizuri tuyaelewe sasa wakati hakuna presha.

Kwanza tuelewane maneno

Nikisema chuma namaanisha pleti, skrubu ama msumari mrefu unaoingizwa ndani ya mfupa kupitia oparesheni ndio ushikilie pale palivunjika. Plasta ni ile nyeupe tunafunga nje, na slabu ni nusu ya plasta, inakaa upande mmoja wa mkono na kushikiliwa na bandeji ndio mkono ukifura uwe na nafasi. Traksheni ni kulazwa kitandani mguu ukivutwa na uzito unaoninginia mwisho wa kitanda, na hii ya traksheni uiweke akilini, tutairudia.

Sasa oparesheni zenyewe. Watu wengi wanajua ziko aina mbili, emajensi na zile za kupangiwa tarehe. Ukizigawa hivyo lazima utachanganyikiwa, juu kazini tunazigawa kwa saa. Swali ni hili: huyu mtu akingoja, nini itaharibika na itaharibika lini? Kuna wale wa kungoja masaa tu. Mfupa uliotoboa ngozi ukatoka nje na uchafu wa barabara umeingia, huyo anafaa kuwa amepewa antibiotiki ndani ya saa moja ikiwezekana na kidonda kisafishwe thieta siku hiyo, la sivyo mfupa unaingia usaha na usaha wa mfupa unaweza kukaa na mtu miaka. Kuna mguu uliofura ndani hadi damu haipiti, nyama inaanza kufa baada ya kama masaa sita, hapo hakuna kungoja asubuhi. Kiungo cha mtu kikijaa usaha, ama mfupa wa mgongo ukifinya neva hadi mtu ashindwe kukojoa, hao ni wa saa hiyo hiyo.

Kundi la katikati ndilo watu hawalijui, na ndilo kubwa. Mzee amevunjika nyonga, ama mtu amevunjika paja, ama kifundo cha mguu kimehama. Hawa hawafi usiku huo lakini saa inahesabika kwa siku. Mzee wa nyonga anafaa afanyiwe ndani ya siku moja na nusu hadi mbili, juu mzee akilala kitandani bila kugeuka anapata nimonia, anapata vidonda vya mgongo, damu inaganda miguuni, na mwishowe kinachomuua si mfupa.

Alafu kuna wa kungoja miezi. Nyonga ama goti lililochakaa linalohitaji kubadilishwa, chuma ya zamani inayofaa kutolewa, mguu uliopinda wa kunyooshwa. Kuwa kwa kundi hili haimaanishi maumivu yako ni ya uongo. Nimeona mama akilia kushuka ngazi moja tu, na kuna wengine walingoja hadi misuli ya paja ikaisha na wakaanza kutumia kiti cha magurudumu, kwa hivyo kungoja kuna bei yake na sitaki mtu yeyote aniambie hakuna. Lakini nyonga iliyochakaa ikingoja miezi mitatu bado inaweza kubadilishwa vizuri, na ile iliyovunjika ikingoja miezi mitatu mzee anaweza kuwa ashazikwa. Ni kiungo kile kile na saa mbili tofauti kabisa, ndio maana mama mmoja aliambiwa angoje na mama mwingine mwenye shida ya nyonga pia akapelekwa thieta haraka, na hizo familia mbili zikikutana kwa kordo kila moja ina sababu ya kushangaa.

Kuna jambo lingine kuhusu muda ambalo hufanya watu waogope kupita kiasi ama wajiachilie kupita kiasi. Mfupa uliovunjika ni kama simiti ambayo fundi amemwaga. Siku za kwanza bado ni laini, ukiona imekaa vibaya unairekebisha, lakini inaendelea kukauka kila siku na ikishashika hautaisogeza tena bila kuvunja. Kwa mtu mzima, kuvunjika kwingi ambako ngozi haijafunguka kunaweza kungoja wiki moja hata mbili na bado ikatengenezwa vizuri, lakini ikifika wiki ya tatu mfupa mpya ushaanza kujaa na kazi inakuwa ngumu mara mbili. Mtoto anakauka haraka zaidi, wiki moja tu na ushachelewa kuuvuta. Kwa hivyo mtu akiambiwa Machi 2020 arudi baada ya siku tano haikuwa kutupwa, hizo siku zilikuwa zimepigiwa hesabu. Shida ilikuja pale mtu aliambiwa siku tano akarudi baada ya wiki sita, ama kwa sababu ya woga, ama nauli, ama Nairobi ilikuwa imefungwa na yeye yuko ushago.

Lakini mbona thieta zenyewe zilipungua?

Kesi ya kwanza Kenya ilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, wiki mbili baadaye tukawa na kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja asubuhi, na tarehe 6 Aprili serikali ikafunga njia za kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake hadi Julai. Hospitali nyingi kubwa zilisimamisha zile oparesheni za kungoja miezi, na swali nililoulizwa sana na bado naulizwa ni hili, kama korona ni ya mapafu, mifupa ilihusikaje?

Ilihusika kwa vitu vya kushikika. Mashine ya dawa ya usingizi inampulizia mgonjwa hewa, na wagonjwa wa korona waliozidiwa walihitaji kupuliziwa hewa pia, na wale wataalamu wa usingizi wanaojua kuingiza paipu kooni ndio hao hao waliitwa ICU. Ukimfanyia mtu oparesheni kubwa ya nyonga unahitaji oksijeni na pengine kitanda cha ICU kama mambo yataharibika, na Machi 2021 wimbi la tatu likija, hadi Nairobi ikafungwa tena pamoja na Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, oksijeni ilikuwa kitu cha kuhesabiwa.

Alafu kuna damu, na hii sidhani watu wengi waliifikiria. Damu nyingi inayochangwa Kenya hutoka kwa wanafunzi wa sekondari. Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020 na hazikufunguliwa kwa wote hadi Januari 2021. Oparesheni ya paja ama ya nyonga inaweza kumwaga damu nyingi, na huwezi kumpasua mama ambaye anaweza kungoja wakati chupa mbili zilizobaki kwa friji zinaweza kuitwa dakika yoyote na mama anayejifungua ama mtu wa ajali. Kwa hivyo kufungwa kwa shule za bweni huko mbali kulichangia mama wa Umoja kukosa tarehe yake ya nyonga, na hakuna mtu alimwambia hivyo.

Sababu nyingine ilikuwa ni huyo mgonjwa mwenyewe. Mwisho wa Mei 2020 jarida la Lancet lilitoa utafiti wa wagonjwa 1,128 kutoka hospitali 235 kwa nchi 24, watu waliofanyiwa oparesheni wakiwa na korona ama wakaipata muda mfupi baadaye. Ndani ya siku 30 karibu 24 kwa kila 100 walikuwa wamekufa, na nusu walipata shida ya mapafu. Wengi walikuwa wa emajensi na wengi wazee, na hiyo hesabu ni ya watu wenye virusi peke yao, kwa hivyo usiichukue kama hatari ya kila mtu anayepasuliwa, lakini jiweke kwa viatu vya daktari mwezi huo. Mama yuko mzima isipokuwa nyonga. Hauna vipimo vya kutosha, majibu yanachukua siku, wodi imejaa na wahudumu wanaugua. Unamwingiza mahali anaweza kutoka na ugonjwa ambao ukichanganyika na oparesheni unaweza kumuua, ndio umtoe maumivu ambayo yanaweza kungoja? Mimi naona walioamua angoje waliamua sawa. Pale sikubaliani nao ni vile walimwambia, kwa simu ya dakika moja, bila tarehe, bila mtu wa kumpigia akizidiwa.

Na haikuwa Kenya tu. Watafiti walikadiria kwamba duniani oparesheni milioni 28.4 za kupangwa zingeahirishwa ama kufutwa katika zile wiki 12 za kilele.

Ndani ya thieta kulibadilika nini

Walioingia thieta hiyo miezi waliona mambo wasiyotarajia na wengine walitoka wakisema walifanyiwa nusu nusu. Wengi walichomwa sindano ya mgongo, ama ya kufisha mkono peke yake, badala ya kulazwa usingizi kabisa, na nimesikia watu wakisema ati dawa ya kulala ilikuwa imeisha. Sababu ilikuwa paipu. Kumlaza mtu kabisa mara nyingi kunataka kumwingiza paipu kooni, na mwanzoni hiyo ilihesabiwa kuwa hatua ya hatari zaidi kwa kila mtu aliye kwa hicho chumba, pumzi ya mgonjwa inatoka moja kwa moja usoni mwa anayeiingiza. Kwa oparesheni ya mguu sindano ya mgongo inatosha na mtu anabaki akipumua mwenyewe ndani ya maski yake, na hata kabla ya korona ilikuwa inatumika kila siku.

Watu ndani walipunguzwa. Wanafunzi wakatolewa, na pale paipu ilikuwa lazima, wengine wote walingoja nje kwa dakika kadhaa hewa isafike ndio waingie. Daktari mwenye uzoefu zaidi ndiye alishika kisu ndio kazi iishe haraka. Oparesheni za mifupa pia zina drili na misumeno, vitu vinavyorusha damu na matone madogo hewani, kwa hivyo tulivaa maski nzito zile za N95 na ngao za uso, na mtu ambaye hajawahi kuvaa hizo masaa matatu chini ya taa za thieta hajui jasho ni nini. Kidonda kikashonwa na uzi unaoyeyuka wenyewe, ndio mgonjwa asipande matatu kuja kutolewa nyuzi. Na matatu yenyewe ya watu 14 ilikuwa inabeba 8, nauli imepanda, kwa hivyo kila safari tuliyomwokolea mgonjwa ilikuwa pesa ya unga.

Plasta ama chuma, hapa ndio Nairobi haikufanana na London

Mwongozo wa kwanza uliotoka Uingereza ulisema kwa ufupi, kila mfupa unaoweza kupona bila kisu uachwe upone bila kisu. Kwa mifupa mingi hiyo ilikuwa sawa hata kwetu. Mfupa wa bega ule wa mbele ukivunjika mara nyingi kitambaa cha kuninginiza mkono kinatosha. Kidole kinafungwa pamoja na jirani yake. Mfupa wa mkono wa juu unapona vizuri ndani ya brasi, kile kifaa cha kuushikilia mkono kutoka nje. Kifundo cha mguu kilichovunjika bila kuhama kinapona kwa plasta ama kiatu cha kufunga. Na mkono wa karibu na kiganja ukipona umepinda kidogo, mzee wa miaka 75 mara nyingi hatausikia kazini mwake.

Kwa hivyo mjomba aliyefungwa plasta akaambiwa aende hakunyimwa kitu. Hii imani kwamba plasta ni ya maskini na chuma ni ya wenye pesa ndiyo inanichosha zaidi, juu nimeona familia ikiuza ng'ombe kulipia pleti ambayo mfupa haukuihitaji. Chuma inaingia pale mfupa hauwezi kukaa mahali pake wenyewe, ama umeingia ndani ya kiungo, ama mtu anahitaji kusimama haraka. Nje ya hapo plasta iliyofungwa vizuri na kuangaliwa ni matibabu kamili.

Lakini ukifika kwa paja ule mwongozo unageuka. London, kutopasuliwa maana yake ni kufungwa na kwenda nyumbani. Hapa kwetu, mtu mzima aliyevunjika paja asipopasuliwa anaenda traksheni, na traksheni ni wiki sita, hata kumi na mbili, mtu amelala kwa wodi, pengine vitanda vimekaribiana hadi unasikia jirani akipumua, anahudumiwa na watu wanaobadilishana shifti kila siku. Mwaka wa kawaida hiyo tayari ni shida. Mwaka wa virusi vinavyopita kwa hewa hauwezi kusema umemkinga huyo mtu kwa kutompasua, umemlaza katikati ya hatari. Mwekee msumari wa ndani ya mfupa na siku chache baadaye anatoka na magongo, kitanda kinabaki wazi, na yeye analala kwake.

Hapa ndio jibu la yule kijana wa boda. Aliingizwa haraka kwa sababu mfupa ulikuwa umetoboa ngozi, na hata kama haungekuwa umetoboa, kumfanyia mapema kulikuwa njia ya kumtoa hospitali mapema. Oparesheni ilikuwa kinga. Nimeeleza hii kwa watu wengi na wengi wananiangalia kama nawatetea madaktari, lakini fanya hesabu ya siku za kulala wodi mwenyewe utaona.

Kikwazo kilikuwa ni chuma yenyewe, bei yake, na mashine ya eksirei ya ndani ya thieta inayomwonyesha daktari msumari unaenda wapi, mashine ambayo si kila hospitali inayo. Kuna msumari wa SIGN, wa shirika la Marekani lililoanzishwa 1999 huko Richland, jimbo la Washington, ambao ulitengenezwa makusudi kwa nchi kama zetu, una kifaa cha nje kinachoelekeza skrubu zipite kwa matundu bila hiyo eksirei, na shirika huwapa msumari wagonjwa wasiojiweza kupitia hospitali linazoshirikiana nazo. Kwa maoni yangu hospitali inayojiandaa kwa janga lijalo inafaa kuhesabu misumari ya paja kwa stoo kama vile inahesabu maski.

Watoto

Hapa nitasema kwa uchungu kidogo. Mtoto anayezaliwa na nyayo zimegeukia ndani anatibiwa kwa njia ya Ponseti, anafungwa plasta kila wiki kwa wiki tano ama sita hivi, kila plasta ikisogeza mguu kidogo, alafu mara nyingi mshipa wa kisigino unakatwa kidogo na mtoto anavaa viatu vyenye chuma katikati kwa miaka. Kwa karatasi hiyo ni kazi ya kungoja, hakuna mtoto anakufa kwa wiki hiyo. Lakini ukikatiza katikati mguu unarudi pale ulianzia, na mtoto akikua unakuwa mgumu hadi utake kisu kikubwa. Kliniki kama hizo zilisimama ama zikapungua mahali pengi 2020, na mama akiwa upande ule mwingine wa kizuizi cha barabara hangeweza kuja kila wiki. Naamini hilo ni kosa lisilofaa kurudiwa. Mguu wa mtoto mchanga unafaa kuwekwa kwa kundi la katikati, hata kama hauonekani wa haraka.

Jambo jema pia lilitoka kwa watoto. Kuna ile mtoto ameangukia kiganja na mfupa wa mkono umebonyea tu, haujakatika. Zamani tulifunga plasta na kumrudisha mara kadhaa. Wakati wa korona wengi walifungwa kwa bandeji ama kifaa cha kutoa nyumbani, mzazi akapewa maelezo, basi. Mwaka 2022 utafiti wa Uingereza wa watoto 965 ukaonyesha waliofungwa bandeji tu walipona sawa na waliofungwa kwa kitu kigumu, hakuna tofauti ya maumivu baada ya siku tatu. Kwa hivyo ukileta leo mtoto wa aina hiyo nikimfungia bandeji usikasirike. Lakini lazima eksirei ionyeshe ni ya kubonyea kweli, usijiamulie mwenyewe.

Vitu watu walisema na bado wanasema

"Afadhali mtu wa kukanda kuliko hospitali yenye korona." Hii ilipeleka wengi kwa wakandaji mitaani, na baadaye wakaletwa kwetu. Kukanda mfupa uliovunjika kunausogeza, na vijiti vikifungwa kwa nguvu vinakata damu. Nimeona vidole vya mtoto vikiwa vyeusi na hicho sitakisahau. Nawaheshimu hao wazee, wengi wana huruma na wako karibu na watu, lakini hawana eksirei na hawana njia ya kujua damu inapita.

"Mwenye chuma mwilini asichanjwe." Hakuna ukweli. Pleti na msumari hazina uhusiano wowote na chanjo, na mtu mwenye chuma akichanjwa anakuwa kama mtu mwingine yeyote.

"Kupimwa korona kabla ya oparesheni kulikuwa biashara." Kwa wale walilipishwa kutoka mfukoni naelewa hasira. Lakini kipimo kilikuwa kinaamua kama mtu wa kungoja miezi aahirishwe, na mtu wa emajensi alipelekwa thieta kabla ya majibu, wahudumu wakavaa kana kwamba ana virusi, juu hata kipimo kikisema hauna kinaweza kukosea.

"Ukishapona korona uko tayari kwa oparesheni." Hii inahitaji maelezo kidogo. Utafiti mkubwa wa 2021, wagonjwa 140,231 kutoka nchi 116, ulionyesha waliopasuliwa ndani ya wiki mbili baada ya kupimwa na kupatikana na korona walikufa kwa kiwango cha kama 4 kwa 100, na kiwango kilibaki juu hadi wiki ya sita, ilipofika wiki ya saba kikashuka hadi 1.5, sawa na wale hawajawahi kuugua. Ndio maana ile sheria ya wiki saba ikatokea. Baadaye, watu wakiwa wamechanjwa na virusi vimebadilika, mwongozo ukalegezwa, mwaka 2023 wataalamu wa usingizi Marekani wakasema wiki mbili zinaweza kutosha kwa mtu asiye na hatari kubwa. Kwa hivyo dada yako aliambiwa wiki saba na wewe ukaambiwa mbili, na wote wawili mliambiwa ukweli wa wakati wenu. Usimfiche daktari kwamba uliugua ndio upate tarehe mapema. Korona inafanya damu kugandagana, mguu uliovunjika na kulala kitandani pia unagandisha damu, na hizo mbili zikikutana donge linaweza kutoka mguuni likaenda kwa mapafu.

Ukiambiwa ungoje

Kama leo ama siku nyingine utaambiwa oparesheni yako imesogezwa, muulize daktari mambo haya na usitoke kabla ujibiwe: mimi niko kwa kundi la masaa, la siku ama la miezi, nikipitisha tarehe gani kutakuwa na madhara, na nani ninampigia nikizidiwa. Ziandike. Chukua eksirei yako, hata picha ya simu iliyopigwa ikiwa imewekwa kwa mwanga wa dirisha, juu wakati wa korona madaktari wengi waliamua mambo kwa picha kama hizo za WhatsApp na ziliokoa watu safari. Namba ya simu iliyo kwa faili iwe ni yako inayofanya kazi. Tulipiga simu nyingi sana kuwaita watu warudi kwenye foleni na namba haipatikani, mtu amebadilisha laini, na nafasi yake ikaenda.

Wakati unangoja nyonga ama goti, endelea kutembea kiasi unaweza na kukaza misuli ya paja ukiwa umekaa, mara kadhaa kwa siku. Kwa mwenye plasta, inua mkono ama mguu juu ya mto na uchezeshe vidole. Maumivu yakizidi badala ya kupungua hata umemeza dawa, vidole vikifa ganzi, vikiwa baridi ama rangi imebadilika, ama ukinyooshewa kidole kimoja unapiga nduru, hapo hakuna foleni wala kafyu inayokuhusu, njoo usiku huo huo, na ukifika getini sema plasta imenibana na sisikii vidole, kwa sauti, kwa askari, kwa sista, kwa mtu wa kwanza utakayemwona.